Unga Mweupe Kwenye Fuvu

Watumishi wenzake katika jumba la makumbusho walimbandika jina la Mama Kufuli, naye hakulikataa. Ghala la visukuku, yaani mifupa ya kale iliyogeuka mawe, lilikuwa mikononi mwake, na ufunguo wake ulimganda shingoni kama kupe. Alikuwa na sababu. Zamani mtafiti mmoja aliazima taya, akalirudisha limevunjika jino, na hata samahani hakuomba. Aliyeumwa na nyoka hushtuka hata akiona kamba.

Alichokienzi kupita vyote ni fuvu la mjusi mkubwa wa baharini, ambalo marehemu mwalimu wake alilichimbua kwenye udongo mweusi. Kila asubuhi alilipangusa kwa brashi laini, kama mama amwogeshaye mtoto mchanga.

Basi uongozi ukaamua visukuku vyote vipigwe skani, yaani picha za kila upande, na kuwekwa mtandaoni, kila apendaye avitazame bure. Kazi hiyo alipewa fundi wa kompyuta, ambaye alikuwa mume wa mdogo wake Mama Kufuli.

"Shemeji, hapa umegonga mwamba," Mama Kufuli alimwambia mlangoni. "Nikikuruhusu leo, kesho watamiminika kina nani?"

"Hatakuja mtu, shemeji. Watatazama wakiwa makwao. Hata mimi sitaligusa fuvu lako; litaguswa na mwanga tu."

"Na mwanga hauvunji meno?"

"Ungekuwa unavunja, mimi na wewe tungekuwa vibogoyo zamani."

Mama Kufuli alicheka bila kupenda, akafungua.

Fundi alikizungusha polepole kifaa chake chenye umbo la pasi, hata chini ya kiunzi kilicholishika fuvu. Kwenye skrini fuvu likaanza kuchomoza: pua, taya, kisha tundu la jicho. Alipolipindua kwa kidole, Mama Kufuli aliinama hadi pumzi yake ikatia ukungu kioo. Miaka yote hiyo hakuwahi kuona kaakaa la mnyama wake, kwa kuwa fuvu lilikuwa zito naye aliogopa kuligeuza.

"Hebu rudisha. Yale matundu madogo puani ni ya nini?"

"Mwenye fuvu ni wewe, waniuliza mimi?"

"Nakuuliza kwa sababu sijui," alijibu, macho hayabanduki.

Picha zilipowekwa mtandaoni, maswali yalimiminika kama mvua. Mmoja aliuliza kama mnyama huyo alikuwa akilia. Mwingine alieleza kwamba huenda matundu yale yalipitisha mishipa ya kunusia mawindo katika maji machafu. Mama Kufuli akawa hanywi chai kabla hajasoma ujumbe mpya.

Ndipo ukaja ujumbe wa mtunza visukuku wa nchi ya mbali. Fundi alimtafsiria: "Dada, niwie radhi kwa kuingilia ya nyumbani kwako. Ule unga mweupe nyuma ya taya si vumbi. Jiwe linaumwa, unyevu unalila kwa ndani. Nusa kabatini. Ukisikia harufu ya kiberiti, usichelewe."

Damu ilimchemka. "Unaona? Hata mlangoni hajafika, keshanikosoa!"

Hata hivyo, onyo lile lilimkereketa kama mchanga jichoni. Alifungua kabati, akanusa. Ile harufu aliyodhani ni ya mbao kuukuu ilikuwa ya njiti iliyotoka kuwashwa. Alipoligusa jino la nyuma kwa ncha ya brashi, likamomonyoka kama biskuti iliyochovywa chai. Akaketi sakafuni.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo, "kumbe nilikuwa nampangusa mnyama wangu mwili wake nikidhani ni vumbi. Mpigie huyo mtu."

Kwenye skrini akatokea mwanamke mwenye mvi, akamwelekeza hatua kwa hatua, fundi akitafsiri: auondoe unga wote, alitie fuvu kwenye sanduku lisilopitisha hewa, alizungushie vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu vipya. Wiki zikapita. Jino lile halikurudi, lakini unga ulikoma na meno yaliyobaki yakasimama imara.

"Kwa nini ulijisumbua?" Mama Kufuli alimuuliza siku moja.

Mwanamke yule alimjibu, "Mimi pia nilikuwa na fuvu. Nililifungia, likageuka majivu. Langu halikupata mtu wa kulitazama."

Kesho yake fundi alimkuta shemejiye amekwisha kutoa droo nzima mezani, ya vipande vilivyopasuka, ambavyo hakuwahi kumwonyesha yeyote.

"Hivi vibovu pia?" fundi alishangaa.

"Anza na hivyo. Ndivyo vinavyohitaji macho ya watu."

Hakika, mgeni njoo, mwenyeji apone.