Chui Alivyoitunza Rangi ya Gari Lake

Nianze nisianze?

— Anza!

Nikianza mtasinzia?

— Hatusinzii!

Haya. Atakayesinzia namwita Chui.

Alikuwepo Chui, mwenye nguvu, mlafi wa kupindukia, na Chui alikuwa na gari. Gari la porini, la magurudumu makubwa, linalopanda mawe na kuvuka mito. Rangi yake buluu, inang'aa mpaka ndege waliogopa kulipita juu. Chui alisema kinyesi cha ndege kinakula rangi, basi na yeye anakula ndege.

Bi Pimbi aliishi kwenye mawe ya jirani na mwanawe mmoja tu, Sena. Mnawajua pimbi, wadogo kama sungura, na asubuhi lazima waote jua juu ya jiwe. Siku hiyo Sena akaona jiwe jipya, la buluu, lina joto zuri. Akapanda. Kumbe ni boneti ya gari. Kucha zikalia kwaru, mstari mwembamba ukabaki. Chui akamdaka, akamtia ndani ya tenga, akalifunga tenga kwenye keria, juu ya paa la gari.

Mama mtu akaja mbio. Chui akamwambia anakwenda karamuni kwa Simba, ng'ambo ya kichaka cha migunga. Bi Pimbi aende naye, alitunze gari. Likifika bila mkwaruzo mwingine, atapewa mwanawe. Likipata hata mmoja, Sena ataliwa karamuni.

Hofu, jamani, isikieni tu kwa wenzenu. Lakini Bi Pimbi akafanya kazi. Chui alitaka kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu, mama akamzuia, akamweleza kuwa vumbi ni msasa, ukilisugua kavu unalikwaruza gari mwenyewe. Akamwaga maji kuanzia juu, chwaa. Akaosha kwa sabuni na kitambaa laini, akikisuuza kila mara kwenye ndoo ya pili. Akakausha. Akapaka nta ya nyuki, taratibu, taratibu, mpaka mstari wa Sena ukafifia usionekane. Chui akaona kweli huyu mama anaijua kazi.

"Basi nimfungue mwanangu, bwana, maana mkwaruzo haupo tena?"

"Upo," akasema Chui. "Mimi najua ulipo." Akatazama keria, akalamba midomo.

Hapo Bi Pimbi akajua. Gari lifike salama, lisifike salama, mtoto ataliwa.

Wakaenda, wakaenda, wakafika kwenye migunga. Njia nyembamba, matawi yamefunga huku na huku, miiba kama ndoana. Chui akafunga breki, kwii. Akatoa panga.

Bi Pimbi akamwambia kwa upole, "Bwana, tawi likikatwa hubaki kisiki chenye ncha, nacho huchora mlango kuliko mwiba. Tawi hushikwa likavutwa nyuma mpaka gari lipite. Ila mikono yangu mimi haifiki."

Chui akatazama miiba. Akatazama rangi. Akatia gia ndogo, ile inayofanya gari litambae lenyewe, akamwonyesha Bi Pimbi namna ya kushika usukani, akashuka.

Akavuta tawi la kwanza, akalizuia kwa mgongo. Gari likapita, ngrrr. Tawi likarudi, kwaru!

"Imechubuka?" akauliza Chui.

"Haijachubuka, bwana."

Akavuta la pili, akalizuia kwa ubavu. Gari likapita, ngrrr. Tawi likarudi, kwaru! Damu ikamtoka.

"Imechubuka?"

"Haijachubuka, bwana."

La tatu akalizuia kwa shingo, la nne kwa tumbo. Kila mara aliuliza rangi. Ngozi yake mwenyewe hakuiuliza.

Wakafika kwenye mgunga wa mwisho, mkubwa kuliko yote. Chui akalikumbatia tawi lake kwa miguu yote minne, na miiba ikamnasa toka kisogo hadi mkia. Gari likaanza kupita. Ndani, Bi Pimbi amesimama juu ya kiti, jasho linamtiririka. Kulikimbiza gari hajui. Linatambaa tu, ngrrr, ngrrr, na Chui yuko pale dirishani, pumzi yake inakitia kioo ukungu. Juu Sena analia mama, mama.

"Simama uje uninasue," akasema Chui.

"Bwana, nyuma hakujapita bado. Ukiliachia sasa litachora toka taa hadi taa."

Chui akashikilia.

Gari likapita, likatoka kichakani, likazidi kwenda. Bi Pimbi hakuthubutu kugeuza shingo. Likatambaa mpaka kwenye mawe makubwa, bampa ikagota jiwe, injini ikazima. Akaparamia keria, akakata kamba kwa meno, akamtoa mwanawe, wakajipenyeza kwenye ufa mwembamba ambao mkono wa Chui hauingii. Wakakumbatiana humo, na kwa mbali wakasikia sauti.

"Imechubuka?"

Hakuna aliyejibu. Chui naye, kwa kuwa hakujibiwa, hakuliachia tawi.

Funzo lake ni hili, wanangu. Osheni kwa maji kabla ya kitambaa, pakeni nta, na mwigeni Chui: mali yako itunze mwenyewe, usimwachie mtumishi. Gari lake halina alama hata moja.

Ngano yangu hiyo nawakabidhi. Mmeipokea?

— Tumeipokea!

Basi ishikeni taratibu, msiikwaruze.