Ngiri na Mlango wa Udongo

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ndiyo sauti ya watu walioshiba? Ninyi watoto wa nyuma, na ninyi watu wazima mnaojifanya mmewasindikiza watoto tu. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, juu mlimani kwenye baridi, aliishi Ngiri. Ngiri alikuwa mchoma makaa. Baba yake alichoma makaa, babu yake alichoma makaa. Anakata mti, anaupanga, anaufukia kwa udongo. Tanuri hilo. Anaacha kijitundu kimoja, anawasha. Moshi unatoka, fuu, fuu, fuu. Mti ukiiva, anaziba kijitundu, moto unakufa, makaa tayari. Wanyama wote wa mlima ule walipikia makaa ya Ngiri.

Ngiri aliishi na mama yake, mzee sana. Alimpenda, jamani, alimpenda! Kila asubuhi alimkorogea uji wa moto, maana bila uji wa moto mifupa ya mama ilikataa kuamka. Lakini tanuri lilikuwa nyuma ya nyumba, na moshi ulimjaa mama kifuani. Alikuwa na wimbo wa kumbembelezea Ngiri tangu utotoni, na siku hizi hakuweza kuumaliza:

Lala, mwanangu, lala,
nje kuna baridi.
Lala, mwanangu, lala,
mlango nimeufunga…

Koho! Koho! Wimbo unaishia hapo. Miaka na miaka unaishia hapo. Ngiri mwenyewe alishausahau mstari wa mwisho.

Kata, choma. Kata, choma. Mlima ukaota kipara. Ukabaki mti mmoja tu, mkuyu mkubwa kule juu kabisa, na baridi ndiyo kwanza inaanza. Nyani, msemaji wa wanyama, akaja.

"Ngiri, makaa yameisha. Watoto wanakula chakula kibichi."

"Nimesikia, mzee Nyani. Nakwenda kuukata mkuyu."

Akapanda. Akafika. Akainua shoka. Mara akaona shina lina shimo, shimo limezibwa kwa udongo, umeachwa ufa mwembamba.

"Heee! Nani tena huyu amejenga tanuri ndani ya mti? Anataka kuninyang'anya kazi?"

Akasogeza pua anuse moshi. Akausukuma ule udongo, kipande kikamomonyoka. Domo refu likachomoza. Ko! Puani.

"Aii! Pua yangu!"

"Na wewe hodi hupigi?" sauti ikasema ndani. "Mimi ni Mama Hondohondo. Nimejifungia humu nalea wanangu. Manyoya yangu yamenyonyoka, siwezi kuruka hata nikitaka. Baba yao ananilisha kwa ufa huu. Wewe ni nani?"

Ngiri akalificha shoka mgongoni. "Mimi? Mimi nilikuwa napita tu, mama."

Chwi, chwi, chwi, vitoto vikalia mle ndani.

"Mtatoka lini?"

"Tukiota manyoya."

Ngiri akakaa chini. Akiuacha mti, mama yake atakosa uji. Akiukata, mama huyu ataanguka na wanawe. Akalia. Ndiyo, Ngiri na meno yake yale, alilia. Msicheke.

Mara Baba Hondohondo akatua, mdomoni ana tope. Akamtazama Ngiri, akatazama ukuta uliomomonyoka, akaanza kuuziba. Ngiri akaona haya, akamsaidia kulainisha. Akashtuka.

"Shemeji, mbona udongo wako una joto?"

"Nautoa upande wa pili wa mlima. Kule ardhi inapumua. Mvuke unatoka kutwa kucha, na hakuna anayeuwasha."

Ngiri akateremka mbio, hata kwaheri hakuaga. Kweli! Pale palikuwa na shimo, mvuke unatoka, shhhh, upepo unaubeba, unapotea bure. Akaja na mawe. Akaja na udongo. Akajenga tanuri juu ya shimo, akaacha kijitundu, akatega chungu cha uji wa mama. Wanyama wakaja kutazama.

"Kuni ziko wapi?" akauliza Nyani.

"Subiri, mzee."

Sasa, mazoea ni kitu kibaya. Ngiri alipoona mvuke unatoka kwenye kijitundu, mkono wenyewe ukaenda ukakiziba, kama alivyofundishwa na baba yake. Kimya. Nyani akainama asikilize.

BUUU! Chungu kikarukia huko, tope uso mzima wa Nyani. Wanyama wakacheka mpaka wakakaa chini. Nyani hakucheka.

"Umetupotezea muda," akasema. Akalichukua shoka la Ngiri. "Mkuyu naukata mwenyewe."

Ngiri akamshika mkono. "Mzee wangu, mle ndani mna mama na wanawe. Na mama yangu mimi hajanywa kitu leo. Nipe nafasi moja tu. Nakuomba."

Nyani akasimama, shoka begani, tope linamchuruzika.

Ngiri akafikiri. Akaukumbuka ule ukuta wa udongo. Mama Hondohondo hauzibi ule ufa hata siku moja, ndiyo maana anaishi. Moto wa makaa unanyongwa. Huu haunyongwi, huu unaachiwa njia. Akajenga upya, akaacha ufa mwembamba, akauacha wazi. Akaomba chungu kingine.

Kimya. Kimya. Toko. Toko, toko. Toko-toko-toko-toko! Uji ukachemka. Moshi? Hakuna.

Nyani akalishusha shoka. "Na mimi nina viazi," akasema polepole.

Basi wanyama wakahamia upande ule, na kila nyumba Ngiri akaijengea jiko la mvuke. Kazi hakukosa. Baba Hondohondo akamletea mbegu za kuyu, naye akazichimbia kwa meno yake kwenye mashimo ya matanuri ya zamani. Kila alipowahi kuchoma, akapanda. Kifua cha mama kikaanza kulegea.

Asubuhi moja mama akasema, "Nipeleke nikamwone huyo mwenzangu." Ngiri akambeba mgongoni mpaka kwenye mkuyu. Ndani walisikia ko, ko, ko. Udongo ukapasuka. Mama Ngiri akaanza kuimba:

Lala, mwanangu, lala,
mlango nimeufunga…

Ngiri akangoja kikohozi. Kikohozi hakikuja. Udongo ukaanguka, Mama Hondohondo akatoka na manyoya mapya, na mama akaendelea:

…kukicha nitaufungua.

Ngiri akakumbuka. Loo, kumbe ndivyo ulivyokuwa unaisha!

Funzo lake nalisema wazi: joto la kutupikia lipo bila kuua mti wa mwisho, na ulichokichoma jana, leo ukipande. Na anayeacha kazi ya babu yake msimcheke. Mpeni nafasi ya pili, maana mikono ile ile ndiyo itakayojenga jiko jipya.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya mkuyu. Anayetaka uji na alete kikombe.