Pimbi na Sisimizi Waliolala Kipupwe

"Ngano, ngano!"

"Na ije!"

"Ije peku au na viatu?"

"Ije na blanketi, baridi kali!"

Basi sogeeni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana sipendi kukatizwa.

Juu milimani, ambako kipupwe hugandisha umande ukawa mweupe juu ya nyasi, aliishi Pimbi, mnyama mdogo, mnene, asiye na mkia. Pimbi alifuga sisimizi, wale wanaovuna mbegu. Aliwaweka kwenye mtungi wenye shingo nyembamba, ndani ya ufa wa mwamba. Kipupwe kikiingia, sisimizi walijikunja kwenye kitako cha mtungi, wakamzunguka mama yao, wakalala. Pimbi hakuwalisha. Hakuwatikisa. Hakuwapeleka juani. Aliwadondoshea tone moja tu la maji, ndo! Kisha akafunika.

Asubuhi moja, kru! kru! kru! Kucha zinakwaruza mwamba. Ni Mhanga, mchimba mashimo, pua ndefu na ulimi kama kamba.

"Pimbi! Harufu gani hiyo?"

"Shikamoo, mjomba. Ni wanangu, wamelala."

"Wana gani wananukia utamu hivyo?"

Hakungoja jibu. Akabandua kifuniko, ulimi ukaingia mtungini, sururu! Ukatoka na watatu. Akatafuna, uso ukakunjamana.

"Mbona kama changarawe?"

"Baridi imewakamata, mjomba."

"Basi navunja mtungi, niwameze wote kwa mpigo."

Akainua kucha. Moyo wa Pimbi, du! du! du! Mtungi ukivunjika, mama wa sisimizi ataangukia kwenye umande ulioganda. Akifa yeye, ukoo mzima umekwisha. Na kupigana Pimbi hawezi. Ukucha mmoja wa Mhanga ulizidi mguu wake.

"Vunja," akasema. "Utakula changarawe mtungi mzima. Tumbo ni lako."

Kucha zikasimama hewani.

"Na wakipata joto?"

"Wakipata joto wanatoka wenyewe, wote. Huna haja ya kuwatafuta, watakutafuta wewe."

"Lete moto!"

"Moto utawaunguza. Joto la tumbo ndilo linalowafaa, na langu dogo mno."

Mhanga akalitazama tumbo lake, akaona fahari. Akauvuta mtungi nje ya ufa, akajilaza ubavu, akaukumbatia, ulimi akauchomeka shingoni uwasubiri.

"Wameamka?" akauliza kwa shida.

Pimbi akatega sikio. Kimya.

"Bado, mjomba."

Jua likapanda kidogo.

"Wameamka?"

Ndani, cha... cha...

"Mmoja anajinyoosha, mjomba."

Mhanga akaanza kuchoka. Kucha zikagonga mtungi, ko! ko! Pimbi akafumba macho.

"Wameamka?"

Chachachachacha!

"Wameamka, mjomba."

Sasa, Mhanga alizoea mchwa, laini kama ubwabwa. Hawa taya zao hupasua mtama mkavu! Wakapanda ulimi. Wakaingia puani. Wakashuka tumboni, penye ngozi nyembamba.

"Yeuwi! Yeuwi!"

Akautupa mtungi, akateremka mlima, gubu! gubu! gubu! Mtungi nao ukabingirika kuelekea ukingoni. Pimbi akajirusha, akauzuia kwa mgongo, pu! Ukapata ufa, haukuvunjika. Akauburuta hadi kivulini, akaketi kando yake, akingoja. Sisimizi waliobaki wakarudi kwa mama yao mmoja mmoja. Cha... cha... Kimya. Ndipo Pimbi akapumua.

Sauti ikapanda kutoka bondeni, nzito kama ya mwenye kinywa kilichojaa uji.

"Pimbi! Umenidanganya!"

"Neno gani nililosema halikuwa kweli, mjomba?"

Mhanga akafikiri. Anafikiri mpaka leo, na pua haijarudi ilivyokuwa.

Ngano yangu nimeiacha mwambani, anayeitaka akaichukue, baridi atakayokutana nayo ni yake. Funzo lake? Mgeni akiwabishia hodi asubuhi ya kipupwe, msimpe kiporo kama kilivyo. Mpashieni moto. Na anayesema funzo ni jingine, atunge ngano yake.