Kiti cha Marehemu Chausiku

Sogeeni. Nina fundo hapa, mimi limenishinda. Labda nyinyi mtalifungua.

Palikuwa na wanawake watatu Pangani. Saumu, mdogo wake marehemu Chausiku, alikuwa na macho ya kusoma kila andiko mpaka mwisho. Riziki, shoga wa marehemu, alikuwa fundi simu mwenye mikono myepesi. Bi Mgeni, aliyeolewa na mume wa Chausiku baada ya kifo chake, alikuwa na subira, na aliihitaji, maana nyumba ile haikumpenda.

Chausiku alimwachia bintiye Mwanahawa wosia wa sauti ndani ya kompyuta kuukuu, ausikie atakapoolewa. Miaka tisa Bi Mgeni aliifunika kompyuta ile kwa kitambaa cha kufuma, hakuiwasha hata siku moja, kwa heshima. Siku tatu kabla ya harusi ya Mwanahawa wote wakaiwasha, wakakuta mfumo wake wa kuiendesha umekufa. Wakachomeka flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, wauweke mfumo huo upande mtupu wa diski, sauti isiguswe. Mashine ikagoma.

Mwanahawa akalia. "Mama ananifia mara ya pili!"

Saumu akasoma andiko la kwenye kioo neno kwa neno, akaelewa: Linux ile ni ya mashine mpya, hii ni ya kizamani. Akatafuta toleo la zamani. Safari hii ikaanza, ikaganda katikati.

Riziki akafungua kasha. Akabadili betri ndogo ya ndani iliyokufa, akachomoa kadi ya memori, akaisugua meno kwa kifutio cha penseli. Linux ikaingia yote! Vigelegele. Wakachomoa flashi, wakawasha tena. Giza.

Bi Mgeni, aliyekuwa akimimina chai tu, akasema, "Samahanini. Flashi ikiwemo inawaka, ikitoka inakufa. Ufunguo wa kuwashia hamkuuacha humo?"

"Nani kakuuliza?" Saumu akamkata. Wakatazama, kweli: programu ndogo ya kuamsha mfumo ilikuwa imewekwa kwenye flashi. Wakaihamishia kwenye diski, wakafungua wosia, na sauti ya Chausiku ikasema:

"Mwanangu, aliyekufikishia sauti yangu ndiye akae kwenye kiti changu harusini."

Furaha ikaishia hapo.

"Mimi ni damu yake," Saumu akasema.

"Damu ilifungua kasha?" Riziki akauliza.

"Na huyu ndiye aliyeiua, kwa kuifunika miaka yote!" Saumu akamnyooshea Bi Mgeni kidole.

"Niliitunza," Bi Mgeni akajibu, akikunja kitambaa chake. "Mngeikuta wapi?"

Siku mbili zimekwisha hivyo; harusi ni kesho. Kiti ni kimoja, na wote watatu wanamtazama Mwanahawa.

Je, ungekuwa wewe, ungemkalisha nani? Na wale wawili, ungewatazamaje usoni?