Kitanda cha Kasiani

Mtu mmoja alikuwa na mashine ya kusaga, nyumba ya matofali ya kuchoma, na kitanda cha mninga ambacho nusu yake hailaliwi na mtu. Tumwite Kasiani. Mkewe alishafariki, na watoto wake walikuwa mijini, wakimkumbuka sikukuu kwa sikukuu. Mchana kelele za mashine zilimtosha. Jioni alifunga banda, akala chakula alicholetewa na dada yake Skolastika, aliyekaa ng'ambo ya soko, kisha akabaki peke yake anaisikiliza nyumba. Upweke ni kitu kibaya, jamani. Mtu mpweke husikia hatua za watu ambao hawapo.

Basi ukapita uvumi wa wezi katika mji ule mdogo. Hakuna aliyemwona mwizi kwa macho yake, lakini kila mtu alimjua mtu anayemjua mtu aliyeibiwa. Kasiani akaomba kibali cha bastola, akapewa. Ofisa alimwambia waziwazi: silaha ikae kwenye sanduku la chuma, ifungwe kwa ufunguo, na risasi zikae kando. Akaitikia ndiyo, akanunua sanduku, na kwa muda alitii. Kisha siku moja mbwa wakabweka. Akahangaika na ufunguo mpaka jasho likamtoka, na alipotoka nje na bastola yake akakuta ni ndama wa jirani ameingia kwenye maharage. Mwingine angecheka, akamrudisha ndama kwao. Yeye akalikasirikia sanduku.

Wenye mashine mnajua kwamba pale mahindi yanapoingilia huwekwa sumaku, inase misumari na vipande vya waya, visije vikaingia kwenye unga wa watu. Kasiani akaing'oa sumaku ile, mashine ikabaki bila kinga. Akaikaza kwa skrubu chini ya ubao wa kichwani mwa kitanda chake, na hapo akaibandika bastola, risasi zikiwa ndani. Aliposhusha mkono tu aliikuta. Siku hizo alilala usingizi mzuri, na usingizi ule ndio uliompoteza, maana aliuchukua kuwa ushahidi kwamba amefanya vema. Hakumwambia mtu. Hata Skolastika hakumwambia. Aliona aibu, mtu mzima na mvi zake, kujulikana kwamba analalia bastola.

Sumaku haina akili, ndugu zangu. Ufunguo una mwenyewe, na asipokuwepo mwenyewe sanduku halifunguki. Lakini sumaku hukishika chuma chochote na hukiachia kwa mkono wowote. Haijui kama mkono huo ni wa mwenye nyumba, ni wa mwizi, au ni wa mama anayefagia uvunguni. Kasiani alilijua hilo, kwa kuwa kila jioni alikuwa akibandua misumari kwenye sumaku ile kwa vidole vyake. Alilijua akiwa kazini, na akalisahau akiwa na hofu.

Skolastika akashikwa na homa, akalazwa hospitali ya wilaya, akafariki. Kasiani ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, kwa hiyo msiba ukawekwa kwake. Desturi yetu mnaifahamu: mfiwa habebi kitu. Yeye huenda kuufuata mwili, na nyuma yake majirani huingia nyumbani, wakatoa viti, meza na vitanda, wakafagia, wakatandika mikeka, ili akina mama wapate pa kukaa na jeneza lipate pa kutua. Hakuna anayeomba ruhusa. Kuomba ruhusa siku kama hiyo ni kumtukana mwenye nyumba. Aliyesimamia kazi alikuwa Fidelisi, seremala, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye ndiye aliyekichonga kile kitanda cha mninga mwaka Kasiani alipooa.

Kasiani alikuwa uwanjani pa hospitali, jeneza linapandishwa garini, ndipo akakikumbuka kitanda. Akapiga simu, akasema, "Fidelisi, kitanda changu kiacheni hapo hapo."

"Usiwe na hofu, kaka," Fidelisi akamjibu kwa upole, maana alidhani mwenzake anakililia kitanda cha marehemu mkewe. "Hiki nimekichonga mwenyewe. Hakitapata hata mkwaruzo. Wewe mlete dada yetu."

Kasiani akafungua mdomo. Lilikuwa limebaki neno moja tu. Lakini pembeni yake walisimama ndugu, na dereva, na katekista ameshika msalaba, na yeye akaona jinsi watakavyogeuka wote kumtazama akilitamka neno hilo mbele ya jeneza. Akasema, "Haya, fanyeni taratibu." Akakata simu.

Tusimame hapo kidogo. Nyinyi mnamlaumu, nawaona nyusoni. Lakini ni nani hapa hajawahi kusema nusu ya jambo, akamwachia Mungu amalizie nusu iliyobaki? Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na sisi methali hiyo tunaisema huku tunacheka, kana kwamba ni ya wagonjwa peke yao.

Fidelisi alifanya taratibu kweli. Aliwakataza wenzake wasikiburute kitanda, akashika yeye upande wa kichwani, kwenye uzito, ili mbao zisiumie. Akapitisha mkono chini ya ubao apate pa kushikia. Vidole vyake vikasukuma kitu kizito, kikabanduka. Bastola ile ilikuwa ya zamani. Ilipogonga sakafu ya saruji ikalia, na wanawake waliokuwa wakitandika mikeka sebuleni wakadhani paa limeanguka.

Njiani, gari la Kasiani likapishana na gari lililokuwa likikimbilia hospitali walikotoka, taa zinawaka mchana kweupe, honi haikomi. Dereva akasogea kando kulipisha. Kasiani, mkono mmoja juu ya jeneza la dada yake, akafanya ishara ya msalaba na kumwombea mgonjwa yule asiyemjua. Aliyekuwa ndani ni Fidelisi, paja limefungwa kwa khanga ya mwombolezaji.

Alipofika nyumbani hakupokewa kwa kilio. Mikeka ilikuwa imetandikwa nusu, nusu bado imekunjwa. Kitanda kilikuwa kimeegemezwa mlangoni, na chini pamemwagwa mchanga. Watu walikuwa wametawanyika. Wengine wamemfuata Fidelisi, wengine wameogopa. Waliobaki ni wazee wachache na polisi wawili waliomngoja kwa heshima, kofia mkononi. Skolastika, aliyepika kwenye misiba ya watu tangu ujana wake, alizikwa na mikono ya kuhesabika. Kaka yake akatupia udongo, akasindikizwa kituoni.

Fidelisi hakufa. Mguu ulikatwa juu ya goti. Kasiani alishtakiwa, akatozwa faini, akanyang'anywa bastola na kibali, akarudi nyumbani kwake. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia barabarani na kumpa pole ya dada. Ila mahindi yao waliyapeleka mashine nyingine, na hodi haikusikika tena mlangoni pake, kwa sababu hakuna aliyetaka kukisogeza kitu cha nyumba ile bila kujua kuna nini chini yake. Hilo lilimuuma Kasiani kuliko matusi. Akawa anakula vyakula vya baridi, amesimama, kama mtu anayengoja gari.

Mchana mmoja Fidelisi akaja kwa magongo yake mawili. Kasiani alimjua kwa mlio wa magongo kabla hajamwona, na akatamani ardhi immeze. Fidelisi akakaa, akapumzika, jasho likakauka. Hakuzungumzia mguu. Wala hakuzungumzia karakana yake, ambako sasa ndugu wengine ndio walioshika randa. Akamtazama tu mwenzake, akasema:

"Kaka, ulikuwa unamwogopa nani?"

Kasiani akamtafuta mwizi wake. Akaitafuta sura yake, akakitafuta kimo chake, akajaribu hata kumpa jina, asimpate. Tangu siku aliyoibandika bastola ile, walioingia nyumbani mwake walikuwa dada yake na sahani ya chakula, majirani waliokuja kumsaidia msibani, na huyu aliyeketi mbele yake. Akalia, kilio ambacho kaburini kilikataa kutoka. Fidelisi alikaa naye mpaka akanyamaza, kisha akaomba asaidiwe kuinuka, na Kasiani akamshika.

Nanyi sasa nawauliza, na msinijibu hapa, mkajijibu majumbani kwenu: hicho mlichokiweka tayari kwa ajili ya adui, kitamtambuaje ndugu siku atakapoingia kuwasaidia?