Mpini Mnene wa Fisi

Wangu, mpo?
Tupo!
Masikio mmeyasafisha?
Yametakata!
Basi hadithi na ipite.
Ipite, tumeifungulia mlango!

Hapo kale Pimbi alifiwa na mama yake. Mama hakuacha shamba wala mbuzi. Aliacha kisu kidogo cha kukatia mboga, na mpini wake ulikuwa umeliwa na mchwa. Ijumaa ingesomwa dua ya marehemu, na Pimbi alitaka mchicha wa siku hiyo ukatwe kwa kisu kile kile.

Akaketi mbele ya pango lake, katika ufa wa jiwe. Akasema bismillahi. Akachukua kipande cha mpingo mkavu, akakichonga kwa tezo, kwa, kwa, kwa. Akapuliza vumbi, fuu. Akasema, "Mama, nitakimaliza."

Mara akatokea Fisi.

"We kibutu usiye na mkia, unachonga nini?"

"Mpini, mzee. Wa kisu cha marehemu mama."

"Marehemu hakati kitu. Kisu ni changu. Kitie mpini nikachunie nyama, la sivyo nitaanza na wewe."

Pimbi akauinamia tena mpingo wake. Akachonga, kwa, kwa, kwa. Akapuliza, fuu. Akasema moyoni, "Mama, nitakimaliza."

Fisi akachungulia. "Huo ndio mpini au kijiti cha kuchokolea meno? Mkono wangu unauona?"

"Ni mwembamba, mzee, lakini mti wake mkavu. Unashika."

"Nataka mnene!"

"Mnene upo ule wa mpapai ulioanguka jana. Ila ni mbichi, mzee. Kwanza ukauke."

"Mbichi, mkavu, yananihusu nini? Mnene ni mnene! Sasa hivi!"

Pimbi hakubisha tena. Akakata gogo la mpapai, nene kama paja la Fisi. Akatia motoni kile chuma chembamba cha nyuma ya kisu mpaka kikawa chekundu, akakizamisha mtini. Tssss! Kikaingia kama kidole kwenye ugali. Maji yakatiririka.

Fisi akacheka, hi hi hi! "Sasa huo ndio mpini!"

"Hongera, mzee. Kwetu kisu kipya hujaribiwa mlangoni kwa fundi. Elekea pango, ukipunge kwa nguvu zako zote. Au nguvu huna?"

"Mimi?"

Fisi akapunga, vuu! Akapunga tena, vuuu! Akapunga kwa nguvu zote, vuuuu! Kisu kikachomoka, kikaruka, kling! Kikaingia ndani ya ufa. Pimbi naye huyo, nyuma yake, na mpini wake wa mpingo mkononi.

Fisi akasukuma kichwa, kikaingia. Mabega yakakataa.

"Pimbi! Nipe kisu!"

"Mpini si unao, mzee? Tena mnene."

Fisi akabweka mpaka sauti ikakauka kabla ya mpapai wake. Akaondoka na gogo mkononi.

Ndani, Pimbi akatia chuma motoni. Tssss, kikazama kwenye mpingo. Akatikisa, hakikutikisika. Ijumaa mchicha ukakatwa mwembamba, kama alivyoukata mama. Dua ikasomwa, watu wakala. Pimbi akakifuta kisu taratibu. "Mama, nimekimaliza."

Na funzo? Ukiwa na nguvu, chagua kinene, wala usingoje kikauke. Sisi wadogo tunakuombea, usiache tabia hiyo.

Hadithi yangu imeingia ufani. Anayeitaka aifuate, kama mabega yatapita.