Milioni Mbili za Nakijwa na Mbuzi Asiyekanyaga Njia

Hapo zamani, na si ile zamani ya sungura kumdanganya fisi, ni hii ya juzi juzi ambayo mita za LUKU, zile za umeme wa kulipia kabla, zimekwisha kupigiliwa kwenye kuta za watu, shilingi milioni mbili zilikuwa mezani uani kwa Nakijwa, na watu watatu wamezizunguka kama kuku walioona mchele.

"Hizo zangu," alisema Chediel.

"Zako kwa lipi, wewe uliyefika watu wameshanawa mikono?" alisema Togolai.

"Nyote wawili mngelala porini," alisema Namsifu. "Nipe changu, Mama Elinami, nirudi kwenye mashine yangu."

Nakijwa akaweka kiganja juu ya noti. Akasema aliahidi mtu mmoja na atalipa mtu mmoja, na mwenye kupiga kelele akapigie barabarani, kule hakuna kodi.

Tuwaache hapo hapo, mishipa ya shingo imewasimama, niwaambie walifikaje.

Nakijwa alikuwa akiuza tangawizi Same mjini. Alikuwa mjane, na mtoto wake ni mmoja tu, Elinami. Pikapu yake ilikuwa imekufa kifo cha uzee, chasisi imekatika vipande viwili sokoni mbele ya wateja. Muuza magari akamletea mengine mawili yaliyotumika, bei moja. La bluu lilikuwa la umeme mtupu, halina tangi wala bomba la moshi. Unalichomeka ukutani kama simu. Jeupe lilikuwa haibridi ya kuchomeka: lina betri ndogo ya kuchomeka ukutani, na lina injini na tangi la petroli, umeme ukiisha petroli inapokea. Akaambiwa akae nayo siku tatu, abaki na moja, la pili alirudishe.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka posa ya Elinami Irindi, kijiji kilichokaa juu kabisa mlimani. Na watu wa Irindi wana mambo yao. Lango la posa hufungwa saa sita mchana. Ukichelewa, rudi kwenu mpaka mavuno mengine. Mbuzi wa posa hakanyagi njia. Anatolewa zizini amebebwa, anashushwa langoni kwa mkwe, na ukwato wake ukigusa udongo katikati ya safari, posa imeanguka. Tena siku hiyo mkwe haombi kitu kwa mkwe, hata chumvi ya kununua.

Kwa hiyo Nakijwa akatangaza mbele za watu: atakayemchagulia gari litakalofikisha posa kabla ya saa sita, na kumrudisha yeye nyumbani bila kumwomba mtu msaada njiani, atapata milioni mbili, na gari hilo ndilo atakalonunua.

Wa kwanza kuja alikuwa Chediel, fundi umeme. Huyu chuo hakukiona hata kwa nje. Alijifunza kwa kufungua redio zilizokufa, akapigwa shoti mara nyingi kuliko alivyolipwa. Hasira zake zilikuwa karibu, lakini hakuwahi kumwambia mteja "kimeungua" wakati hakijaungua. Alifanyia kazi barazani kwa watu, na wenye vyeti walimwita fundi wa kubahatisha. Milioni mbili zingempa kibanda chenye mlango, na juu ya mlango kibao chenye jina lake. Alikiota kibao hicho mpaka rangi yake aliijua.

Akasema, "Chukua la umeme. Petroli unailipia kupanda mlima, na ukishuka hairudi. Hili ukishuka, magurudumu yanazungusha mota, na mota inarudisha umeme kwenye betri. Mlima unakukopa asubuhi, unakulipa jioni."

Wa pili alikuwa Togolai, dereva mstaafu wa mabasi, mwenye kofia asiyoivua hata msibani. Akasema, "Chukua haibridi. Mtu mwenye matumbo mawili hafi njaa. Umeme ukikutupa, petroli ipo. Hili la fundi likiisha njiani, mtalisukuma mpaka Kiyama."

Wa tatu alikuwa Namsifu, mwenye mashine ya kusaga tangawizi Kizungo, nusu ya njia ya mlimani, aliyekuja siku ya gulio na magunia yake. Hakuulizwa, akasema hivyo hivyo: "Mama Elinami, gari lolote ni gari. Nunua yuniti za umeme za kutosha kwanza, na ujue nani njiani ana soketi."

Wote wakacheka. Togolai alicheka mpaka akashika kofia. Chediel naye alicheka, na hilo alikuja kulijutia.

Nakijwa akaamua magari yote mawili yaende, maana msafara ulikuwa mkubwa: yeye, mshenga, mbuzi, na mashangazi watano waliokuja tangu jana yake na kulala hapo. Chediel ataendesha la umeme, Togolai haibridi. Akampa Togolai elfu sitini za petroli. Togolai akatia ya elfu ishirini, akarudisha elfu arobaini mbele ya watu wote, akasema gari hili halinywi, linaonja. Mashangazi wakampigia makofi. Kumbukeni makofi hayo.

Jioni magari yote mawili yakachomekwa ukutani. Chediel alitazama taa kwenye gari, ikawaka kijani, akaenda kulala ameridhika. Mita hakuitazama. Fundi umeme wa mtaa mzima, mita hakuitazama. Na ndani, mashangazi watano walikuwa wanapiga pasi vitenge vya kesho, kila mmoja na marinda yake. Yuniti zikaisha kabla ya jogoo wa kwanza. Hakuna aliyejua, maana aliyelala haoni giza.

Asubuhi la umeme lilikuwa na asilimia arobaini na moja. Betri ya haibridi ilikuwa kama haikuchomekwa. Nakijwa akanunua yuniti kwa simu pale pale, lakini betri si chai, haichemki kwa dakika tano, na saa tatu ilikuwa inagonga.

Chediel angeweza kusingizia mashangazi. Ulimi ulifika mlangoni. Akaurudisha, akasema, "Kosa langu. Sikuangalia mita."

"Ndiyo fundi wetu huyo," alisema Togolai, na kuwasha injini.

Wakaondoka. Mbuzi alipanda la umeme pamoja na mshenga, kwa sababu halina muungurumo, naye akatulia magotini kwa mshenga kama mtoto wa ubatizo. Tambarare ikapita salama. Mlima ukaanza, na namba kwenye kioo ikaanza kuteremka huku wao wakipanda. Ishirini na tano. Kumi na nane. Kumi na moja. Nakijwa alizisoma kwa sauti, na kila namba ilimwingia Chediel kama sindano. Walipofika Kizungo zilibaki nne, saa ni tano kasoro robo, na kona mbaya zote ziko mbele.

Namsifu alikuwa amesimama nje ya mashine yake. Waya mnene ulikuwa umetandazwa tayari mpaka barabarani.

"Hatujakuomba kitu," alisema Nakijwa haraka, maana sharti lake alilikumbuka.

"Nani kasema mmeomba? Nilijua mtakuja." Akazima mashine, akachomeka gari. Mteja mwenye magunia kumi na mawili akapakia upya magunia yake, akaenda kusagisha kwingine akimtukana.

Lakini lango halingojei betri. Ikabidi mshenga na mbuzi wahamie kwa Togolai, na shangazi mmoja ashuke kupisha nafasi, aje baadaye na Nakijwa. Na mbuzi hakanyagi njia. Chediel akambeba mikononi, beberu la kilo arobaini, hatua thelathini za matope. Beberu likamkojolea kuanzia kifuani mpaka viatuni. Chediel akasaga meno, hakuliachia. Akaliweka kwenye haibridi, na injini ilipounguruma, beberu likaanza kulia na halikunyamaza mpaka Irindi.

Togolai aliendesha siku ile kama anarudi ujanani. Akafika langoni saa sita kasoro dakika nane. Mbuzi akashushwa, ukwato ukakanyaga udongo wa mkwe kwa mara ya kwanza, vigelegele vikapigwa. La umeme lilishiba saa nzima kwa Namsifu, likafika saa saba, na watu wameshanawa mikono. Hapo Togolai alikuwa tayari amehesabu ng'ombe wawili atakaonunua.

Jioni wakati wa kuondoka, Togolai aliona mshale wa petroli umelala chini, akagonga kioo chake kwa kidole. Injini ilipanda mlima peke yake, betri haikuisaidia, nayo ilikunywa kila kitu. Petroli ilikuwepo Irindi, ya chupa, dukani. Duka lilikuwa la mjomba wa bibi harusi.

"Thubutu," alisema Nakijwa. "Ukimwomba chupa moja, umeniuzia mwanangu."

Wakashuka hivyo hivyo. La umeme lilitoka Irindi na asilimia kumi na tatu. Chediel akamwambia Nakijwa asome tena kwa sauti kama asubuhi. Kona baada ya kona Nakijwa akasoma: kumi na nne, kumi na sita, kumi na tisa. Walipogusa tambarare, ishirini na moja. Shangazi aliyepanda nyuma akauliza kama gari limeingiwa na kitu, aombe. Tuseme kweli, la Togolai nalo lilijazia kidogo kwenye mteremko, kwa sababu haibridi nayo inajua kazi hiyo. Ila betri yake ni ndogo. Ilimaliza ilichopata, injini ikakohoa tone la mwisho, na kilomita kumi na tano kabla ya mjini gari jeupe likasimama na mashangazi wake wanne na mshenga.

Kijana wa bodaboda akasimama, akasema wakimtuma atawaletea petroli. Nakijwa akamshukuru, akamwambia aende zake, maana kumtuma ni kumwomba.

Chediel alikuwa na haki ya kupita. Alimfikiria Togolai na ile kejeli ya asubuhi, akafikiria kibao chake. Kisha akashuka, akatoa kamba ya katani iliyokuwa imefungia magunia ya sukari ya posa, akafunga gari kwa gari. Wakaingia mjini mwendo wa maiti, la bluu mbele, jeupe nyuma, mashangazi wakipungia watu. Kioo kilisoma asilimia mbili.

Namsifu aliteremka kesho yake asubuhi kwa lori la tangawizi. Na ndipo tulipowaacha.

Togolai akasema, "Ahadi ilianza na posa. Posa ilifika kabla ya saa sita, na iliyoifikisha ni haibridi. Bila mimi mngekuwa mnapanga safari ya mavuno. Nipe changu."

"Na kunirudisha?" aliuliza Nakijwa. "Wewe mwenyewe ulirudishwa kwa kamba. Elfu arobaini zangu ulizonirudishia kwa makofi zingekufikisha mpaka Moshi."

Chediel akasema, "Lililokurudisha nyumbani ni la umeme, likavuta na la mwenzake. Na nilisema mlima utalipa jioni, ukalipa. Mbuzi nilimbeba mimi, shati hili mpaka leo halikaliki nalo. Nipe changu."

"Na umeme wako ulitoka wapi?" aliuliza Nakijwa. "Fundi asiyeangalia mita."

"Sikuangalia," alisema Chediel. "Nilisema jana, nasema leo. Lakini uliuliza gari, Mama. Hukuuliza pasi."

Namsifu akasema, "Niliwaambia yuniti, mkacheka. Niliwaambia soketi, mkacheka. Mlipuuza nilichosema, mkaokolewa na nilichosema. Nimepoteza mteja wa magunia kumi na mawili, na bili ya saa ile ni yangu. Bila mimi la umeme lingekuwa banda la kuku Kizungo, na huyo wa haibridi angelala porini pasipo wa kumvuta. Nipe changu."

"Na nikikupa wewe, ninunue gari lipi?" aliuliza Nakijwa. "Niende sokoni nimepanda mashine ya kusaga?"

Shangazi mmoja akashauri wagawane. Togolai akasema hagawani na mtu aliyefika saa saba. Chediel akasema hagawani na mtu aliyerudishwa kwa kamba. Namsifu akasema thamani ya wateja haigawanyiki. Na muuza magari alikuwa mlangoni, amekuja kuchukua moja, anauliza ni lipi.

Chediel akatandaza kiganja mezani, chenye makovu ya shoti. Hakupandisha sauti. "Mama Elinami, sema jina. Likiwa si langu, nitapiga mguu niende zangu. Lakini lisemwe."

Nakijwa akatazama noti, akatazama magari, akatazama viganja vitatu. Kisha akainua macho, akawatazama ninyi.

Ndiyo, ninyi, mliocheka tangu mbuzi alipomkojolea mwenzenu. Yupo aliyefikisha, yupo aliyerudisha, yupo aliyejua tangu mwanzo. Je, nani alistahili, na gari lipi libaki uani? Msiniambie wagawane, jibu hilo shangazi amekwisha kulitoa, na halikumshibisha mtu. Hadithi nimewapa nzima, hata senti sikuficha. Sasa mimi ndiye ninayedai. Jina moja. Nipeni changu.